Ng'ombe wa Mvua Ndani ya Gari la Moshi

Kile kituo nilichopandia gari la moshi mwaka ule sitakitaja jina. Kiko magharibi ya Bahi, kina tangi la maji, kibanda cha mabati na dirisha moja, na jina lake mimi nimekataa kulitia mdomoni. Anayetaka kulijua na aende akasimame juani mbele ya lile dirisha kama nilivyosimama mimi.

Naitwa Batuli binti Amiri, mtu wa Dodoma mjini, muuza samli. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa misafara. Alibeba pembe za ndovu kwenda pwani hadi magoti yakamkataa, akaishia Dodoma, akajenga. Wakati ninaousimulia, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha reli kwetu na kuipitisha kuelekea Tabora, na sisi kwa ujinga wetu tulifurahi. Siku gari la kwanza lilipoingia nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Nikivikumbuka vigelegele vile natamani ningevimeza.

Safari hiyo nilikuwa nimekwenda kununua samli kwa wafugaji wa huko, nami narudi nyumbani na mitungi yangu. Karani wa kituo alituambia gari litapita asubuhi. Asubuhi ilipita, gari halikupita. Tulipomwuliza alisema, "Linakuja." Adhuhuri tukamwuliza tena, akasema, "Nimekwisha kuwaambia linakuja," kisha akauvuta ubao wa dirisha akaufunga. Tukalala palepale kwenye kokoto, watu na mizigo na watoto wanaoharisha. Hapakuwa na kivuli wala choo, na nyuma ya kibanda palinuka kuliko zizi, maana kila aliyesubiri kabla yetu alikuwa na tumbo kama sisi. Karani mwenyewe alikuwa na choo chake, kimefungwa kwa kufuli.

Hapo ndipo nilipomwona Matonya. Alikuwa Mgogo wa makamo, mrefu, ana shuka jeusi begani, amekaa mbali kidogo na watu. Mbele yake alisimama ng'ombe dume. Mimi nimeona ng'ombe wengi maishani mwangu, kwa kuwa ndio wanaonilisha, lakini sikuwahi kuona mweusi wa namna ile. Kuanzia pua hadi ncha ya mkia hakuwa na unywele mmoja wa rangi nyingine, anang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Matonya alikuwa akimfukuzia nzi kwa tawi, na kumsemesha kwa Kigogo polepole kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Wagogo ni watani zetu tangu enzi za misafara, kwa hiyo sikungoja kujuana naye. Nilimwendea nikamwambia, "Mtani, huyo umemwoa au umemwiba?"

Akacheka kidogo. "Nimempata kwa wakwe zangu, mtani. Na wewe mbona mitungi umeiweka chini? Nilidhani Wanyamwezi mnazaliwa na mzigo kichwani."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, lakini kilitosha. Alinieleza kwamba yeye ni mtu wa Mkonze, pale karibu na Dodoma. Mvua ilikuwa imechelewa. Kwao hakuna mtu anayetia mbegu ardhini mpaka ng'ombe mweusi achinjwe kwenye makaburi ya wakubwa wao wa kale, na mwaka ule ugonjwa ulikuwa umewamaliza ng'ombe wote weusi wa Mkonze. Wazee wakamtuma yeye. Alizunguka vijiji vingi mpaka akampata huyu.

"Lazima awe mweusi mtupu," alisema. "Akiwa na doa jeupe, hata la ukucha, huyo ni ng'ombe wa jua. Ukimchinja unaliita jua."

Kulikuwa na sharti jingine, na hili ndilo lililonishangaza. Anayemleta ng'ombe wa mvua haruhusiwi kugombana njiani. Hapigi, hafoki, akitukanwa hajibu. Ng'ombe akisikia ugomvi wa anayemwongoza, amekwisha kuharibika, wazee hawampokei.

"Na mbegu?" nikamwuliza.

"Zimo vihengeni. Uwele, mtama, zote zinamngoja huyu. Mkonze nzima inamngoja huyu."

Nilimwambia mimi ni Mwislamu, na mvua ni ya Mwenyezi Mungu, haiitwi kwa damu ya ng'ombe. Hakukasirika. Alisema, "Vizuri, mtani. Wewe omba kwako, na mimi nimfikishe huyu kwetu."

Nikamwuliza kwa nini basi hakumtembeza kwa miguu. Akasema visima vya njiani vimekauka, ng'ombe angefika mifupa. Tena jumbe wa kule alikompata ng'ombe alimwambia apande gari la moshi, atafika Dodoma siku hiyohiyo kabla jua halijapinda. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Gari lilikuja kesho yake, alasiri. Ndipo karani alipofungua dirisha na watu wakaanza kusukumana kama vifaranga. Matonya alisubiri zamu yake, akavua shuka begani kwa heshima, akasema anataka tikiti yake na ya ng'ombe. Karani hata kichwa hakuinua. "Mshenzi wewe, ng'ombe anakatiwa tikiti na watu? Nenda upande wa mizigo." Matonya akasema, "Ndiyo, bwana," akazunguka kibanda hadi upande wa mizigo. Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua alikuwa karani yuleyule, na kofia ileile, akamtazama kama mtu asiyepata kumwona maishani. "Unataka nini huku?" Matonya akaeleza upya tangu mwanzo. Karani akasema tikiti ya ng'ombe haikatwi kabla ya tikiti ya mwenye ng'ombe, arudi dirishani. Matonya akasema, "Ndiyo, bwana," akarudi dirishani, na dirishani hapakuwa na mtu kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa bado upande wa mizigo.

Nilimwona akizunguka kile kibanda na ng'ombe wake nyuma, huku watu wakicheka. Mara ya mwisho karani alimwambia kamba ya ngozi hairuhusiwi, alete ya katani, kisha akamtemea mate karibu na miguu. Mishipa ya shingo ya Matonya ilisimama. Alifumba macho, akayafumbua, akaja hadi nilipokuwa.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini, "nigombee."

Nilielewa mara moja. Maneno ya mtani hayahesabiwi. Mtani anaweza kukutukania baba yako msibani na watu wakacheka, kwa kuwa mdomo wake hauna hatia. Nikigomba mimi, ng'ombe hajasikia kitu. Niliifunga kanga yangu kiunoni nikaenda. Sitayarudia niliyomwambia yule karani, maana mengine yalimhusu mama yake, na mama wa watu hana kosa. Nilisema kwa sauti kubwa makusudi, mpaka Mzungu wa gari akatoa kichwa kutazama kuna nini. Karani alipoona kichwa cha Mzungu alikata tikiti zote mbili palepale, na habari ya kamba haikusikika tena. Nilifurahi. Nilijiona nimeishinda reli.

Behewa letu, nikiliita behewa naliheshimu. Lilikuwa sanduku la mizigo lililotobolewa matundu, sakafu yake ina mkojo wa mbuzi wa safari iliyopita, na tulipakiwa humo mpaka mtu akipiga chafya jirani yake anaoga. Ng'ombe aliwekwa kwenye gari la wazi nyuma yetu, na Matonya pamoja naye. Nilimwona kupitia tundu. Injini ile ilikuwa inakula kuni, na ilitema cheche mfululizo; cheche zikaturukia, zikatoboa nguo, zikachoma nyuso za watoto. Matonya alivua shuka lake akamfunika ng'ombe mgongo mzima, akabaki kifua wazi. Tuliposimama nilimwona malengelenge mabegani nikamwambia ajifunike.

"Ng'ombe akiungua, nywele zinazoota pale zinakuwa nyeupe," alisema. "Mimi nikiota nyeupe haidhuru."

Hatukwenda mbali. Gari likasimama katikati ya nyika, jua likatua, likachomoza, hatujasogea. Kwanza tuliambiwa injini imechoka. Kisha tukaambiwa tunalipisha gari la mkaguzi. Likapita hilo gari la mkaguzi, behewa moja safi lina pazia, ndani yake Mzungu mmoja peke yake, ana meza na kikombe. Kwa ajili ya kikombe kile sisi sote tulikuwa tumekaa porini tangu jana yake, na mwanamke mmoja alikuwa amezaa kwenye majani tukimzingira kwa kanga. Mkaguzi hakutazama upande wetu. Sijui alikuwa anakagua nini.

Lilipopita, ikaonekana injini yetu haina maji. Askari wa gari, mwenye kiboko mkononi, akatuteremsha sote, wake kwa waume, akatupanga mstari kutoka kwenye dimbwi moja la matope hadi kwenye injini. Tukapokezana ndoo. Tulikuwa tumelipa nauli, na bado tukageuzwa vibarua wa kuinywesha injini, na aliyepunguza mwendo alionja kiboko. Matonya naye alibeba, akabeba hata sehemu ya wazee. Mstari ulipolegea alimwendea askari, akainamisha kichwa.

"Bwana, naomba ndoo moja ya ng'ombe."

"Maji haya ni ya reli."

"Hajanywa tangu jana, bwana."

"Amekata tikiti ya kupanda. Hakukata ya kunywa."

Askari aliyapenda maneno yake mwenyewe, akayarudia kwa wenzake, wakacheka. Nilikwenda nikamgombea, na safari hii nilipigwa kiboko cha mgongo, kimoja tu, lakini alama ninayo. Nikarudi mstarini. Kila ndoo iliyopita mikononi mwangu niliichovya kanga yangu kwa siri, na ilipolowa vizuri nikamkimbilia ng'ombe nikaikamulia mdomoni mwake. Nilikwenda na kurudi hivyo mpaka dimbwi likaisha. Kanga ile ilinuka matope milele, ilibidi niitupe.

Matonya alinishika mkono. Alikuwa anajaribu kutania, ili asilie. "Mtani, babu zako walipita huku, babu zangu wakawatoza hongo, ushuru wa maji na njia."

"Waliwatoza sana," nikasema. "Leo mmepata wenzenu."

Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka tena, maana ng'ombe alikuwa amepiga magoti.

Hakufa. Namshukuru Mungu, au ningemshukuru, kama nisingejua yaliyofuata. Usiku kulipokuwa na baridi aliinuka mwenyewe, na tulipoipita Zuzu asubuhi alikuwa amesimama, mbavu zinaonekana lakini bado mweusi mtupu. Vilima vya Dodoma vilikuwa vinaonekana mbele. Nikasema moyoni, sasa yamekwisha. Kisha gari likasimama.

Walisema Dodoma hakuna nafasi, kuna mabehewa ya mizigo yamejaa kituoni, tungoje. Tukangoja jua likipanda. Mahali tuliposimama, upande wa kusini, kulikuwa na vijumba vya udongo vyenye mapaa bapa na moshi wa jikoni. Matonya alikuwa ameshika ubao wa gari kwa mikono miwili.

"Mtani, ule ni moshi wa kwangu," alisema. "Ile ndiyo Mkonze."

Palikuwa karibu, mtu angeweza kuita akaitikiwa. Matonya alimwomba askari amruhusu ashuke. Gari limesimama, mlango wa gari la ng'ombe unafunguka, ardhi ya kushukia iko tambarare. Askari akasema ng'ombe aliyekatiwa Dodoma anashukia Dodoma. Matonya akasema nyumbani ni pale. Askari akasema kwa reli hakuna pale, kuna vituo. Niliposimama kugomba askari alinionyesha kiboko tu, na mgongo wangu ulikuwa bado unawaka. Hapo niliketi. Nilichoshwa na watu wale mpaka kwenye mifupa. Matonya aliitazama Mkonze hadi gari lilipoanza tena kwenda na kumpitisha mbele ya mlango wa nyumba yake.

Pale Dodoma kituoni wazee wa Mkonze walikuwa nje ya uzio. Walikuwa wakija kila siku tangu siku aliyotarajiwa, wamevaa nguo nyeusi, wanaketi chini, jioni wanarudi. Mkubwa wao, Mzee Chidosa, alisimama alipomwona ng'ombe. Hawakupiga kelele. Niliona tu mzee mmoja amemshika mwenzake bega.

Baina yao na ng'ombe kulikuwa na lango, na kwenye lango kulikuwa na karani. Moyo wangu ulitulia nilipomwona, kwa kuwa alikuwa Bushiri, mtoto wa Mwanahawa, jirani yangu. Kijana huyo nilimwogesha siku ya kuzaliwa. Nikamwita jina lake. Hakuniamkia. Kazini, alisema, hana jirani.

Alikuwa ameshika kopo la rangi nyeupe na brashi, akiongea na mwenzake habari ya mkate, kwamba mkate wa yule Mgiriki siku hizi una mchanga. Alimwambia Matonya amsogeze ng'ombe. Kila mnyama anayeshuka lazima apakwe alama kuonyesha kwamba amekaguliwa na hana ugonjwa.

"Hujamkagua," nikasema.

"Akiwa na alama amekaguliwa."

Matonya aliona brashi. Alijiweka baina ya brashi na ng'ombe, hakusukuma mtu, alisimama tu. Alisema kwa upole kuliko siku zote, "Mwanangu, huyu hatakiwi kuwa na cheupe. Ni wa mvua. Nipake mimi, au paka kamba yake. Mkonze ni pale tu, wenyewe wale wanamngoja."

"Alama inapakwa mnyama."

"Basi pembe," nikasema. "Kwato. Bushiri, mpake kwato, nani atajua?"

"Imeandikwa ipakwe mwilini. Pembe si mwili."

Nikamgombea Matonya pale kuliko nilivyogomba popote. Nilimtajia Bushiri mama yake, bibi yake, maji niliyomwogeshea, nikamwambia ng'ombe amefika, safari imekwisha, alama ya nini tena kwa mnyama asiyepanda gari. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvumo wa upepo. Akamwashiria askari, askari akamvuta Matonya kando, na Bushiri akamgeukia mwenzake, akasema mkate wa mchanga bora aununue yeye mwenye meno. Huku akisema hivyo mkono wake ukapaka msalaba mpana kutoka begani mwa ng'ombe hadi kiunoni. Hata hakuangalia alichokuwa anapaka. Yule mwenzake alicheka habari ya meno.

"Tayari," Bushiri alisema. "Mtoe."

Nilifungua mtungi nikachota samli kwa viganja, nikasugua ile rangi. Ilitawanyika tu, ubavu wote ukawa wa kijivu. Matonya alinizuia mikono.

"Acha, mtani. Wamekwisha kuona."

Walikuwa wameona. Mzee Chidosa alimtazama ng'ombe, akageuka akaenda zake, na wengine wakamfuata mmojammoja. Hakuna aliyemlaumu Matonya kwa neno. Yeye aliwatazama mpaka walipopotea kwenye njia ya Mkonze, kisha akanigeukia.

"Huyu sasa ni ng'ombe wa kawaida?"

"Wa kawaida," nikasema.

"Basi naruhusiwa kugombana."

"Unaruhusiwa, mtani."

Akanipa kamba niishike. Akanyoosha mgongo, na nikaona jinsi alivyokuwa mtu mkubwa, kumbe njia nzima alikuwa amejikunja. Nilitaka kusikia. Nasema kweli, nilikuwa na hamu ya kusikia kuliko nilivyokuwa na hamu ya kufika. Alikwenda mpaka dirisha la karani.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Ilikuwa saa ya chakula.

Matonya aligonga. Hakuna aliyeitika. Ndani ya kibanda kijiko kilisikika kikigonga sahani, na sauti ya Bushiri akiomba chumvi. Matonya aligonga tena, kisha akaanza kusema na ubao. Alisema yote. Alianza na kule kuzungushwa kibanda, akasema mshenzi ni yule aliyemwita mshenzi, akasema mate, akasema mabega yake, akasema ndoo ya maji. Kiswahili kilipomwishia aliendelea kwa Kigogo, na sauti yake ikapanda mpaka watu sokoni wakageuka. Alipofika kwenye moshi wa nyumbani kwake alishindwa, akarudia neno hilo moja mara nyingi. Ubao haukufunguka. Kijiko kiliendelea mpaka sahani ikaisha.

Askari wa kituo alimgusa kwa fimbo. "Mzee, dirisha ni alasiri. Mwenye malalamiko apange mstari."

Matonya alichukua kamba yake mikononi mwangu akaondoka na ng'ombe.

Wazee walimtuma mtu mwingine kutafuta ng'ombe mwingine. Kabla hajarudi, mvua ilinyesha. Ilikuja ghafla, kubwa, mchana na usiku, mito iliyokuwa mchanga ikajaa. Zuzu, ambako hawana sharti lile, walikuwa wamepanda kwenye mavumbi, na mbegu zao zikaota baada ya siku chache tu. Dodoma reli ilikatika, na Bushiri akatundika ubao kwamba gari halitakuja kwa sababu ya mvua. Siku hiyo alinikuta njiani akaniambia, "Shikamoo, Bi Batuli," kwa adabu zote, kwa kuwa hapo hakuwa kazini. Sikumwitikia. Tangu siku ile hata leo salamu ya kijana yule haijapata jibu langu, na mama yake anajua sababu.

Kisha mvua ikakatika, ng'ombe wa pili bado hajapatikana, na mwaka ule haikurudi.

Nilikwenda Mkonze kumwona mtani wangu. Nilipita katika mashamba, udongo mweusi umelowa hadi chini, laini, hauna hata jani moja. Nilimkuta Matonya ameketi mlangoni kwake, makovu mabegani yamekauka. Nikamwuliza, kwa nini hamkupanda ilipoanza, mwenye macho si aliiona. Akasema mkewe alitaka, alibeba mbegu mpaka shambani, akasimama, akarudi nazo. Bila ng'ombe wa makaburini, hakuna aliyekuwa amewafungulia ardhi. Siku ile sikumtania.

Mkewe alikuwa anapika. Alituletea ugali wa uwele, mwingi kuliko nilivyotarajia katika mwaka kama ule, na mlenda. Alitunawisha mikono.

"Uwele umeutoa wapi?" nikamwuliza, nikidhani wameuziwa Zuzu.

"Kihengeni," alisema. "Ni ule wa mbegu. Karibu, mtani, usione haya, upo wa kutosha kwa siku chache."

Matonya alimega wa kwanza. Kukataa chakula cha mtu ni kumtukana, na wale walikuwa wametukanwa vya kutosha, kwa hiyo nikamega na mimi. Nilitafuna mbegu za Mkonze, laini, tamu, zimepikwa vizuri, nikameza.